Sahani Tatu katika Sinia Moja: Uhakiki wa Kusikiliza Kiswahili kwa Stirio ya Nyumbani

Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili tunaousoma katika majarida yetu, na huo tunaoufanya sisi walimu mbele ya wanafunzi, una desturi moja ambayo kwa muda mrefu hatukuitilia shaka. Mhakiki huyachukua maneno ya wimbo kana kwamba yamemfikia yakiwa yameandikwa. Huhesabu mizani, hutafuta vina, hutaja tashbihi na istiara, kisha hutoa hukumu yake juu ya lugha ya mtunzi. Ni mara chache mno atuambiapo aliusikiliza wimbo huo kwa chombo gani, katika chumba cha namna gani, na baada ya kusikiliza wimbo upi. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba mambo hayo matatu yaweza kuigeuza hukumu yenyewe. Twasema hivyo kwa sababu hukumu tuliyoitoa sisi wenyewe iligeuka, tena mbele ya darasa.

Darasa hilo lilikuwa Nsungwi, katika Eneo la 25 la jiji la Lilongwe, nchini Malawi. Wanafunzi walikuwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa la Wamalawi wenye shughuli zao Tanzania: madereva wa malori yaendayo bandari ya Dar es Salaam, na akina mama wavukao mpaka wa Songwe kwenda kununua vitenge na vyombo Mbeya. Kundi la pili lilikuwa la vijana waliozaliwa Kongo ya mashariki na Burundi, ambao Kiswahili walikuja nacho, ila walitaka kukijua kile cha kitabuni. Msomaji asidhani kwamba lugha yetu ni mgeni wa jana huku. Kuanzia miaka ya 1840 Jumbe na watu wake wa pwani walikuwa wametua Nkhotakota, kando ya ziwa. Lakini Kiswahili kisikikacho zaidi Malawi ya leo hakikuja na msafara wa Jumbe. Kimekuja kwa miguu na kwa malori kutoka Kivu na Katanga, na makao yake makuu ni Dzaleka, wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu elfu kumi hivi. Idadi yao imekwisha kupita elfu hamsini.

Stirio tuliyoitumia ilikuwa mali ya mama mmoja mwenyeji wa Uvira, aliyekuwa na duka dogo hapo Nsungwi na aliyetukaribisha sebuleni mwake kila Jumamosi. Ni chombo cha aina iliyoenea sana miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000: redio, nafasi mbili za kanda, spika mbili zenye makasha ya mbao, na sinia lenye nafasi tatu za sahani za sidii, ambalo huchomoza mbele na kuzunguka kila sahani inapobadilishwa. Neno "sinia" ni letu. Watu wengi husema "trei", nasi hatuna ugomvi nao. Lakini kitu cha duara kipakuliwacho vitu na kuletwa mbele ya wageni, Mswahili amekwisha kukipa jina zamani, na wanafunzi walilipokea bila kuuliza.

Majina mengine hayakupatikana kwa urahisi huo. Katika chumba kimoja redio ilikuwa na majina matatu: sisi tulisema redio, Wamalawi walisema "wailesi", kama ilivyo katika Chichewa, na vijana wa Kongo walisema "posti", kutoka Kifaransa. Spika wao waliziita "bafle". Kitabu kimoja tulichokuwa nacho kiliziita "vipaza sauti", na hapo ndipo tulipokwama, kwa kuwa neno hilo hilo hutumiwa kwa kile chombo ambacho mtu husemea mkutanoni na kwa kile ambacho sauti yake hutokea. Mwanafunzi akiambiwa "sogea mbali na kipaza sauti" hajui aondoke wapi. Twaonelea kwamba walimu waache kulitumia neno hili pasipo kubainisha, na kwamba "maikrofoni" na "spika" yawatosha, hata kama neno la pili litamkumbusha mtu Spika wa Bunge. Dereva mmoja alisema kwamba tofauti ni ndogo, zote mbili hazizimiki kwa urahisi. Tuliicheka kauli hiyo kisha tukaendelea na somo.

Basi turudi kwenye kosa letu. Tulikuwa tumechagua sahani tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Ikhwani Safaa, chama cha taarabu cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905, nayo ni katika zile zilizorekodiwa huko Zanzibar mwaka 1988 na kutolewa Uingereza na kampuni ya GlobeStyle. Ya pili ilikuwa ya Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, akapata jina kubwa na bendi ya Super Matimila, akafariki mwaka 2010. Sahani hiyo ilitolewa na Real World mwaka 1989. Ya tatu ilikuwa na nyimbo za Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville na sasa ni Likasi. Mpango wetu tuliuona wa hekima: pwani kwanza, iwe ndicho kipimo, Dar es Salaam pili, hali mtunzi wake ni Mkongo aliyejifunza, Katanga mwisho, iwe mfano wa kile ambacho mwanafunzi hapaswi kukiandika. Zoezi lilikuwa kusikiliza na kuandika maneno.

Matokeo ya Jumamosi mbili za kwanza yalikuwa mabaya kwa sahani zote tatu. Wanafunzi waliandika nusu ya maneno, wengine robo. Hapa twaomba msomaji aangalie kwa makini tulivyosema. Waliposhindwa kuandika maneno ya taarabu tuliwaambia kwamba huo ndio ugumu wa ushairi mkongwe, na kwamba sikio lao bado ni changa. Waliposhindwa kuandika ya Ongala tuliwaambia kwamba yeye alikuwa na matamshi ya Kikongo. Waliposhindwa kuandika ya Mwenda hatukusema neno. Tulitikisa kichwa tu, na kila mtu akaelewa. Shida moja, hukumu tatu. Vijana wa Kongo waliokuwa mbele yetu walizisikia zote tatu, na mmoja wao hakurudi Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi ya tatu likatokea jambo la ajabu. Sahani ya Ongala ilipoanza, magitaa na ngoma zilisikika vizuri, lakini mwimbaji hakuwapo. Tukabadilisha: wa taarabu alisikika kwa mbali, kama mtu aimbaye chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Tukaweka ya Mwenda: kimya, ila mngurumo mdogo sana chini. Tukaitoa sahani, tukaifuta, tukairudisha; kimya kile kile. Tulikuwa tumekwisha kutangaza kwamba sahani imekufa, ndipo kijana mmoja wa Dzaleka, fundi wa redio ambaye daftari lake tulikuwa tumelijaza wino mwekundu kwa ajili ya "bintu" na "bantu" zake, alipouliza kwa adabu, "Mwalimu, naweza kugusa?" Akabonyeza kitufe kimoja kilichoandikwa karaoke. Mwenda akarudi, na gitaa lake.

Yafaa tueleze kwa nini, kwa sababu maelezo haya yana faida katika uhakiki pia. Stirio ina njia mbili za sauti, ya kulia na ya kushoto. Mafundi wa studio humweka mwimbaji katika njia zote mbili kwa kiasi sawa, ndiyo maana masikio hudhani amesimama katikati. Kitufe cha karaoke huichukua njia moja na kuitoa katika nyingine, kama hesabu ya kutoa: kilicho sawa katika pande zote mbili hufutika, na kilichowekwa upande mmoja hubaki. Hivyo Ongala alifutika na magitaa yake yakabaki. Wa taarabu alibaki kwa mbali, kwani mwangwi hauko sawasawa katika pande zote mbili. Lakini nyimbo za Mwenda zilirekodiwa kwa njia moja tu, kama kazi zote za ugani za wakati ule. Katika sidii pande zote mbili ni kitu kile kile, na kitu kikitolewa katika kitu kile kile hakibaki kitu. Mngurumo tuliousikia ni wa chini kabisa, ambao aina nyingi za stirio huuacha makusudi.

Kijana hakuishia hapo. Alikwenda nyuma ya spika na kutuonyesha kwamba katika moja yao waya mwekundu ulikuwa umefungwa penye alama nyeusi na mweusi penye nyekundu. Sisi ndio tuliozifunga. Waya zikipishana hivyo, kitambaa cha spika moja husukuma hewa mbele wakati kile cha nyingine kinaivuta nyuma. Sauti nene hudhoofika, na mwimbaji hukosa mahali pa kusimama, huwa kama yuko pande zote na hayuko popote. Kwa kuwa sauti nene ilikuwa dhaifu, nasi tulikuwa tumeufidia udhaifu huo kwa kufungua besi hadi mwisho, na spika tukazisukuma pembeni mwa ukuta wa saruji, ambapo besi huongezeka. Yaani kosa la kwanza lilizaa la pili na la tatu. Konsonanti kama s, sh, f na th ziko katika sauti nyembamba. Irabu na ngoma ziko chini. Chini kukivuma, "shaka" na "saka" huwa neno moja, na "fika" haitofautiani na "shika". Wanafunzi hawakuwa na masikio machanga, wala Ongala hakuwa na matamshi mabovu.

Tangu siku hiyo tumekuwa na utaratibu, nao hauchukui zaidi ya dakika kumi. Spika huwekwa mbali kwa mita mbili hivi, nafasi ya mkono mmoja kutoka ukutani, juu ya meza au matofali ili mdomo mdogo wa juu utazamane na masikio ya waliokaa. Vitufe vya besi na vya kupamba sauti hurudishwa katikati, karaoke huzimwa. Kisha, kabla ya somo, huwekwa sahani ya Mwenda. Sahani ya sauti moja ndiyo ipimayo waya kuliko zote: ukikaa kati ya spika mbili, na mwimbaji akasimama katikati kama mtu aliyeingia chumbani, waya ziko sawa, akitawanyika, zimepishana. Na hivyo sahani tuliyoiweka ya mwisho kama mfano wa makosa ikawa ndiyo ya kwanza, nayo ndiyo ipimayo nyingine.

Sasa twaweza kuzihakiki sahani zenyewe, kwa kuwa sasa tumezisikia.

Juu ya taarabu ya Ikhwani Safaa hatuna shaka kwamba lugha yake ni pana kuliko za wenziwe. Vina vyake vimetunzwa, na mafumbo yake yanadai msikilizaji aliyelelewa katika mafumbo. Lakini twathubutu kusema kwamba kwa zoezi la kuandika usikiacho haifai, na wenzetu wanaoitumia kwa kazi hiyo wanaionea. Mwimbaji wa taarabu huivuta silabi moja juu ya noti nyingi. Kati ya nusu ya neno na nusu yake ya pili huweza kuingia fidla na kanuni na kuzunguka kabla neno halijakamilika. Msikilizaji wa Unguja halijali hilo, maana shairi analijua au analikisia kwa kina kinachokuja. Mwanafunzi wa Nsungwi hana msaada huo. Taarabu apewe ikiwa imeandikwa, aisome, aihesabu mizani, halafu asikilize. Ndipo atakapouona uzuri wa kungoja kina kirudi.

Ongala ni kinyume. Yeye husema na msikilizaji. Hutoka katika kuimba akaingia katika kuhadithia, hurudia, huuliza, na sentensi zake ni fupi. Wapo walimu wasemao kwamba Kiswahili chake ni chepesi mno kwa darasa la fasihi. Sisi twaona wepesi huo ni kazi ya msanii, si upungufu wake. Aliwaimbia wakazi wa mjini wenye lugha za mama zaidi ya mia, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliokuja kutoka nje. Mwanafunzi wa Burundi aliandika maneno yake karibu yote mara tu besi ilipopunguzwa. Ila tuna lalamiko: katika sehemu za mwisho za nyimbo, magitaa yaanzapo kukimbia, maneno huwa vibwagizo tu vya kuchangamsha, na mwalimu asidanganye wanafunzi kwamba kuna maana kubwa iliyofichwa humo.

Mwenda ndiye aliyetushangaza. Mtu mmoja na gitaa moja mbele ya maikrofoni, hakuna kinachomfunika. Kiswahili chake ni cha Katanga, na kabla ya hapo tulikuwa tumekiita kibovu bila kukisikiliza. Tulipowapa wanafunzi karatasi, waliopata alama za juu hawakuwa vijana wa Kongo peke yao. Wamalawi nao walisikia zaidi kuliko walivyosikia taarabu, na tulipowauliza sababu walitueleza jambo ambalo sisi, pamoja na diploma zetu, hatukuwa tumelifikiri. Katika Kiswahili cha Katanga na Kivu "watu" ni "bantu" au "batu", na "vitu" ni "bintu". Katika Chichewa ni "anthu" na "zinthu". Ile nuni ambayo Kiswahili sanifu kimeiangusha, Mkongo na Mmalawi wote wawili wanayo. Mkongo akitaka kudogosha husema "katoto", na wakiwa wengi "tutoto". Mmalawi husema "kamwana" na "tiana". Sanifu husema "kitoto", na ka- imebaki nayo kwa kudharau tu, kama katika "kajitu". Kwa hiyo tulipokuwa tukikata "katoto" kwa wino mwekundu tulikuwa tukiikata daraja ambayo nusu ya darasa ilikuwa ikivukia.

Mwalimu mwenzetu, aliye mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi, alitupinga alipousikia mpango huu, na hoja yake haistahili kupitwa juu juu. Alisema kwamba mwanafunzi akisikia "bintu" leo, kesho ataiandika katika mtihani, na mtahini hatajali kwamba Wamalawi nao wana nuni. Alisema pia kwamba vijana wa kambini hawana vitu vingi vya kuuza duniani, na cheti cha Kiswahili sanifu ni kimojawapo. Asiyewapa hicho kwa ajili ya kupenda nyimbo anawadhulumu. Twakubali. Hatusemi "bintu" iandikwe katika insha. Tunachokipinga ni kumhukumu mtu kabla ya kumsikia, na kuiita lahaja kosa. Mtahini huuliza umeandika nini; hamuulizi mtu mama yake husemaje. Tumechukua njia hii: kila zoezi la sahani ya Katanga lina safu mbili, moja ya neno lilivyosikika, ya pili ya neno la sanifu. Wino mwekundu hutumika katika safu ya pili tu. Mkubwa wetu hakusema amekubali, ila ameazima sahani ya Mwenda na mpaka sasa hajairudisha, tunatumia nakala.

Juu ya mpangilio wa sahani katika sinia tuna neno moja zaidi. Chombo kibadilishacho sahani chenyewe humfanya mwalimu mvivu apange utaratibu mara moja na kuuacha uzunguke milele, naye aliyewekwa wa tatu atakuwa wa tatu siku zote. Hapo ndipo wimbo wa mwisho husikilizwa na masikio yaliyochoka na kuhukumiwa kwa kipimo cha wa kwanza. Tubadilishe nafasi kila juma. Kwa upande mwingine, zile sekunde chache ambazo sinia linazunguka na chumba kiko kimya tumeziona kuwa ni hazina. Tulikuwa tukizijaza kwa maneno yetu. Sasa hatusemi kitu, wanafunzi huandika.

Redio ya stirio hiyo hatukuitumia kama ilivyostahili. Ina FM na masafa ya kati, na kamba ya antena ya FM sharti inyooshwe ukutani, si kuviringwa nyuma ya kabati kama tulivyoikuta. Idhaa za nje za Kiswahili, ambazo wazee wetu walizifuata usiku kwa masafa mafupi, chombo hiki hakizipati kwa njia hiyo. Kilicho karibu ni Yetu, redio ya jamii iliyoanzishwa Dzaleka na kutangaza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Jina lake peke yake ni somo la upatanisho wa kisarufi: wanafunzi wa Kimalawi walituuliza kwa nini si "wetu" wala "letu", tukawaambia wataje kwanza neno lililofichwa. Faida ya redio ni kwamba mtangazaji hasemi tena alichosema, hivyo humzoeza mwanafunzi kushika maana bila kushika kila neno. Kwa kazi ya lahaja, hata hivyo, sahani ni bora, maana hurudishwa nyuma.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Mama mwenyeji wetu alifunga duka, na stirio ikapakiwa katika basi dogo pamoja na magodoro. Hatukujua wakati ule kwamba chombo cha sinia hakisafirishwi kikiwa na sahani ndani, wala kwamba baadhi ya aina zina skrubu za safari, ambazo hukazwa kabla ya kuhamishwa na kulegezwa baadaye. Ilifika ikiwa na sahani ya Ongala imekwama. Yule fundi kijana aliitoa kwa kufungua kifuniko, na tangu hapo nafasi ya pili ya sinia haisomi; twatumia ya kwanza na ya tatu.

Huko Dzaleka kuna mambo mawili ambayo Nsungwi hayakutushughulisha. La kwanza ni vumbi la kiangazi, ambalo huketi juu ya lenzi ndogo isomayo sahani. Stirio hufunikwa kwa kitambaa, na sahani hufutwa kwa kitambaa laini kutoka kitovu kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Sababu ni kwamba maandishi ya sidii yamejipanga katika mzunguko, yakianzia ndani kwenda nje. Mkwaruzo unaoyakata kwa kupita chombo huweza kuuruka, ila mkwaruzo unaoyafuata humaliza neno zima. La pili ni umeme. Nsungwi tulikuwa na umeme wa gridi wa volti 230, ingawa baada ya tufani Ana kukiharibu kituo cha Kapichira mnamo Januari 2022 tulisoma Jumamosi nyingi kwa sauti zetu wenyewe. Dzaleka stirio hula umeme wa sola, kwa betri ya volti 12 na inveta. Nyuma ya chombo pameandikwa wati 80. Betri tuliyo nayo ni ya saa-ampea 18. Kwa hesabu ya karatasi ingetupa saa mbili na dakika arobaini hivi. Kwa kuwa inveta hupoteza sehemu, na betri haifai kukamuliwa hadi mwisho, tunapata saa moja na dakika chache. Kwa hiyo somo limefupishwa: nyimbo nne, kila mmoja mara mbili, na sauti isiyozidi ile ya mtu anayesema.

Wanafunzi wa Nsungwi waliobaki huchanga nauli na kwenda Dzaleka mara moja kwa mwezi. Safari iliyopita walikuwa saba. Yule kijana aliyeacha kuja baada ya hukumu yetu ya kwanza tulimwona amesimama mlangoni wakati sahani ya Mwenda inapima waya; hakuingia, lakini hakuondoka mpaka betri ilipokwisha.